Cheti Hakirandi Ubao

Kijana akihitimu useremala, mbuzi huchinjwa, majirani wakala wakashiba. Kesho yake fundi mpya akaa barazani: hana randa, hana msumeno wala patasi. Cheti hakirandi ubao! Heri mbuzi yule auzwe, vinunuliwe vyombo vya kazi.

Wala msidhani ufundi ni mwisho wa masomo. Ngazi za VETA ni tatu. Afikaye ya tatu, akiwa na cheti cha kidato cha nne, aweza kuomba chuo cha ufundi apate stashahada, na baadaye shahada.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pius XII alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi mwaka 1955, Mei 1, aliilisha Familia Takatifu kwa mikono yake. Basi mnunulieni kijana randa kwanza, pilau itangoja.