Mvua Tuliyoiomba



Wapenzi wasomaji, wiki hii ya mwanzo wa Mei 2024 macho ya watu wa Pwani yameelekea baharini. Kimbunga Hidaya chaikaribia pwani ya Tanzania, nasi huku Kenya tumetahadharishwa juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa.

Kabla ya kulalamika, tukumbuke tulikotoka. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilitupita bila ya mvua ya kutosha. Mifugo iliangamia Wajir na Marsabit. Huko Ganze na Kinango kina mama walikwenda mwendo mrefu kutafuta maji. Tuliinua mikono tukamwomba Mola mvua.

Mvua imekuja. Lakini kwa ndugu zetu wa Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, imeingia hadi kitandani. Masika haya mafuriko yameshaua watu zaidi ya 200 nchini, ufunguzi wa shule umeahirishwa, na wanaokaa kandokando ya mito wameamrishwa kuhama.

La kusikitisha zaidi ni hili: mama atoaye maji chumbani usiku kwa sufuria, asubuhi hushika mtungi akapange foleni kununua maji. Mvua safi ilipita juu ya paa lake, ikaangukia mtaroni, ikachanganyika na taka na maji ya vyoo, kisha ikamrudia mlangoni ikiwa maradhi.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina paa la takriban mita 9 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Kinachohitajika ni mfereji wa bati chini ya paa na pipa lenye kifuniko. Maji ya mwanzo yaachwe yaoshe paa. Ya kunywa yachemshwe.

Mtume (S.A.W.) alipoiona mvua aliomba iwe yenye manufaa. Basi kuteremsha ni kwa Mwenyezi Mungu. Kuzibua mitaro na kutega mapipa ni juu yetu, na wenye nyumba za kupangisha wana sehemu yao kubwa.

Na wewe mwenye jamaa kando ya Mto Ngong, usingoje akuombe. Mwite leo na wanawe, hata kama watalala mkekani.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua hii iwe rehema kwa mashamba na malisho, na uwahifadhi waliolala mabondeni. Amin.