Damu ya nifasi na damu ya hatari

Miongoni mwa maswali ambayo wanawake wetu huyauliza sana katika darsa za fiqhi ni lile la nifasi: inaanza lini, inakoma lini, na mama arejee lini kwenye swala na saumu. Wengi wanalijua jibu. Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, nifasi aghalabu huwa siku 40, na mwisho wake ni siku 60. Swali linaloulizwa mara chache ni la kiasi. Kisheria, damu yote inayofuata uzazi huitwa nifasi. Kitabibu hazilingani, na familia isiyojua tofauti yake huweza kumtazama mama akizimika huku ikiamini kwamba ni hali ya wazazi wote.

Tuchukue mfano wa Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Kalambo, ile ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Kutoka hapo hadi Sumbawanga, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Matai, na njia inapanda: ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, iko takriban mita 1,800. Barabara ya leo si ile ya zamani, alhamdulillah. Lakini wapo akina mama wa vijiji vya mwambao ambao safari yao huanzia majini kabla ya kuifikia barabara yenyewe. Damu nyingi baada ya uzazi inaweza kuua ndani ya saa mbili. Mwenye hesabu na aihesabu: kwa mama wa Kasanga, mengi ya kumwokoa hufanyika palepale alipojifungulia, au hayafanyiki.

Hatari kwanza huanza kwa kutoonekana. Kwa miaka mingi mkunga alipima damu kwa jicho, na jicho hudanganyika. Damu hunywewa na kanga na godoro, huchanganyika na maji ya uzazi, huchuruzika sakafuni na kufutwa. Ikitoka kwa kishindo, kila mtu hushtuka. Ikitoka kidogo kidogo bila kukatika, haimshtui mtu mpaka mama aanze kutokwa na jasho baridi na kuzungumza maneno yasiyoeleweka.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha zaidi ya wanawake 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Jambo lake kubwa lilikuwa dogo mno: shuka ya plastiki inayotandikwa chini ya mama, yenye mfuko na mistari ya kupimia. Damu ikifika mililita 500, yaani chupa ndogo ya maji ya kunywa, mkunga hangoji. Hukanda mfuko wa uzazi, hutoa dawa ya kuukaza na dawa ya kugandisha damu, huweka dripu, hukagua kama kuna mchaniko au mabaki ya kondo la nyuma, na huita msaada. Yote kwa pamoja, si moja kisha kusubiri. Palipoendelea utaratibu wa zamani, waliotokwa damu nyingi waligunduliwa takriban nusu yao tu. Penye shuka, waligunduliwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Nchi yetu imepiga hatua. Takwimu za taifa zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Hata hivyo wastani wa taifa haumlazi mtu usingizi iwapo zahanati ya kijijini kwake haina shuka hiyo, au ina dawa iliyoharibika. Oksitosini, dawa inayokaza mfuko wa uzazi, hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8. Katika joto la mwambao, jokofu lililozimika huiacha dawa ikiwa na sura ileile ndani ya chupa yake na nguvu pungufu. Mkunga atachoma sindano, na damu itaendelea.

Saa hiyo hiyo ni ya mtoto pia. Asiyelia anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na mikono inayofanya hivyo lazima iwe imezoea. Mpango wa Safer Births, uliotekelezwa katika hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, uliwafanyisha wauguzi mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, na vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Rukwa haikuwamo katika mikoa hiyo mitano. Na baba anayesubiri mlangoni ili amwadhinie mwanawe, asubiri kidogo: akaushwe, apumue vizuri, awekwe kifuani kwa mama na kuanza kunyonya. Kunyonya huko humsaidia mama vilevile, kwa kuwa huukaza mfuko wa uzazi.

Haraka ya kurudi nyumbani ni desturi yetu nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mama abaki kituoni angalau saa 24, na bibi au mama mkwe aliye naye ndiye mlinzi wake wa kwanza. Kitambaa kikilowa chote ndani ya saa moja, au mama akihisi kizunguzungu, kiu kali na moyo kwenda mbio, mkunga aitwe papo hapo, hata kama amepita dakika tano zilizotangulia. Mama asione haya kufunuliwa kitambaa chake kikaguliwe, na mkunga naye amsitiri kwa pazia na kumwambia anachokifanya kabla ya kumgusa. Mambo haya mawili hayagombani. Akiwa nyumbani, namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bila malipo ili kutafutiwa usafiri wa dharura.

Waumini wa Kasanga na vijiji vinavyoizunguka wana wawakilishi katika kamati za zahanati na vituo vya afya. Kikao kijacho kiulizwe mambo matatu: jokofu la dawa lilizimika lini mara ya mwisho na kwa muda gani, shuka za kupimia damu zimebaki ngapi, na wakunga walifanya lini zoezi la kumsaidia mtoto asiyepumua. Majibu yaandikwe, na yasomwe tena katika kikao kitakachofuata.