Tuzo na Nathari ya Kweli kwa Watoto

Wapo wanaodai kwamba fasihi ya watoto ni hadithi za kubuni tu. Dai hili ni potofu. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoasisiwa mwaka 1974, imekuwa ikigawa vitengo vyake kwa umri wa msomaji na kwa lugha. Maelezo ya kweli hayana kitengo chao, yameachiwa vitabu vya kiada. Ilhali kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya utafiti mrefu dhidi ya chulebuni, ina mgogoro na subira ya kutosha kitabu kizima. Nanasi la Thika nalo lina asili yake Amerika ya Kusini: safari iliyoje! Mibuni ya Ruiru inapong'olewa kupisha nyumba, mtoto ataijulia wapi? Kitengo cha nathari ya kweli si hisani; ni haki yake.