Msiizibe Kompaila Mdomo

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huku mlimani Kilimanjaro kilifiwa na kompyuta yake ya zamani. Mashine mpya ikanunuliwa, programu ya kupokea kahawa ikahamishiwa humo, ikagoma kufunguka. Sababu yake ni ya kawaida: programu za DOS za biti 16 haziendeshwi na Windows ya biti 64. Bahati nzuri msimbo wenyewe, ulioandikwa kwa lugha ya C kwa kutumia Turbo C, ulikuwa umehifadhiwa. Kijana akaitwa, akaupitisha kwenye kompaila ya leo, GCC, yaani programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa na mashine. Skrini ikajaa makosa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachotufanya tuandike. Aliongeza swichi moja, -fpermissive, makosa mengi yakageuka maonyo. Yaliyosalia akayarekebisha harakaharaka, programu ikafunguka, watu wakapeana mikono.

Hatumlaumu, maana hakuna aliyempa muda wala malipo ya kufanya zaidi. Lakini makosa yale yana maana. C ya zamani ilimruhusu mwandishi kuita fanksheni ambayo hajaitangaza, na kompaila ikachukulia kwamba itarudisha namba kamili. Kwenye Turbo C mara nyingi hilo halikudhuru, kwa kuwa namba kamili ilikuwa baiti 2, na anwani ya kumbukumbu, kwa mpangilio wa kawaida, nayo baiti 2. Leo anwani ni baiti 8 na namba kamili ni 4. Fanksheni ya kumtafuta mwanachama inarudisha anwani yake, nusu inakatwa njiani. Siku nyingine programu inakwenda, siku nyingine inaanguka mbele ya foleni ya wakulima. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilishaiondoa ruhusa hiyo, ila GCC iliendelea kuivumilia kwa takriban miaka 25, hadi toleo la 14 la Mei 2024 lilipoamua kukataa kabisa. Sisi tunasema lilichelewa.

Kuna baya zaidi, ambalo kompaila hailisemi hata usipoiziba mdomo. Faili la wakulima liliandikwa na mashine ya zamani: baiti 2 za namba ya mwanachama, baiti 2 za kilo, mtu kwa mtu. Programu mpya inasoma baiti 4 mahali pa 2. Kwa hiyo mkulima namba 214 aliyeleta kilo 87 anatokea kwenye skrini kama mkulima namba 5,701,846, na pale penye kilo zake panakaa namba na kilo za jirani yake zilizoshonwa pamoja. Jirani mwenyewe hayumo tena. Nusu ya chama imemezwa, na hakuna onyo hata moja.

Dawa yake ni ndogo: badala ya kuandika int, andika int16_t kila mahali panapogusa faili lile. Kazi ni kujua mahali hapo ni wapi, na hilo halipatikani kwa swichi. Linapatikana kwa mtu kukaa chini na kuusoma msimbo wote.

Tunajua jibu la wengi: tupeni hiyo takataka, nunueni programu mpya. Siku moja, ndiyo. Lakini humo ndani kuna makato ya pembejeo, kuna namna ya kugawa malipo ya pili, kuna maamuzi ya mikutano mikuu ya miaka mingi ambayo huenda hayakuandikwa pengine popote. Atakayeuza programu mpya atauliza, "Mnakokotoaje?" Nani atamjibu? Huku Kilimanjaro ushirika wa kahawa ni wa tangu chama kikuu cha KNCU cha mwaka 1933, na kinachoushikilia ni mkulima kuamini kwamba kilo alizopima ndizo alizolipwa. Mfongo wa maji ya shamba ukiziba hatuuhami. Tunatoka na majembe tunauzibua.

Tunavitaka vyama vya msingi vyenye programu za namna hii vifanye mambo kwa mpangilio. Kwanza, iendesheni ya zamani kama ilivyo ndani ya DOSBox, programu ya bure inayoiga mashine ya DOS, mchapishe orodha ya msimu mmoja mzima. Nakala ya faili la data iwekwe pembeni na isiguswe. Ndipo msimbo urekebishwe, kosa baada ya kosa, maonyo yote yakiwa wazi, na anayerekebisha alipwe kama fundi anavyolipwa. Na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kikiwa chuo cha kuwafunza watu wa ushirika, kiwape wanafunzi wake wa kompyuta programu hizi ziwe miradi yao ya mwaka wa mwisho.

Kazi isipokelewe kwa sababu programu imefunguka. Katibu aketi na ile orodha ya zamani mkononi, mtu mwingine asome kwenye skrini, jina kwa jina, kilo kwa kilo, shilingi kwa shilingi. Wakifika kwa namba 214, isomeke kilo 87.