Barafu ya Rwenzori inahitaji mashahidi wa nyumbani

Wikendi ndefu inapokaribia, makundi ya marafiki hapa Kampala huchangishana pesa, hukodi taksi ya viti 14 na kushika njia. Wengi huelekea Jinja, kilomita 80 tu, kupambana na mawimbi ya Mto Nile ndani ya mashua za mpira. Wengine hufika Kapchorwa, kushuka kwa kamba kando ya maporomoko ya Sipi. Wachache, tena wachache mno, hupita Mubende na Fort Portal hadi Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Wazazi wengi huziona safari hizi kuwa ni kutapanya pesa ambazo zingelipa kodi ya nyumba. Mimi naziona kuwa sehemu ya uraia, na nasema serikali ina wajibu wa kuzirahisisha. Mali ambayo wenyewe hawaijui hupotea kimya kimya, hata kama dunia nzima imeiorodhesha kuwa urithi wake.

Tuanze na barafu yenyewe. Mpanda milima wa Kiitaliano, Duke wa Abruzzi, alipopanda kilele cha Margherita mwaka 1906, Rwenzori ilikuwa na takriban kilomita za mraba 6.5 za barafu, iliyotanda juu ya milima sita. Kufikia 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba. Katika muda huo milima ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa Wakonzo, wanaoishi kwenye miteremko hiyo, theluji huitwa Nzururu, naye ndiye baba wa mizimu Kithasamba na Nyabibuya. Ikiyeyuka, kinachoondoka ni zaidi ya mandhari. Lakini muulize kijana wa Ntinda au Kawempe barafu ya karibu iko wapi, na yaelekea atakutajia Kilimanjaro, mlima wa nchi nyingine. Margherita ina mita 5,109 na iko kwetu, mpakani na Kongo. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hasara hii haina kelele, kwa kuwa wengi wetu hatukuwahi kukiona kinachopotea.

Tumekwisha kuona kukosa mashahidi kunakotufikisha. Pale Bujagali, kwenye Nile karibu na Jinja, kabla ya bwawa, vijana wa kijiji walijirusha kwenye maporomoko wakikumbatia dumu la plastiki, wakaibukia chini, wakapokea sarafu za wageni waliosimama ukingoni. Wazee wa Busoga waliyaheshimu maji hayo kuwa makao ya mzimu Budhagaali. Bwawa la megawati 250 lilipozinduliwa Oktoba 2012, maporomoko yalikuwa yamekwisha kuzama. Sibezi umeme huo: kila aliyeishi Kampala miaka ya mgao anakumbuka jenereta zikinguruma mbele ya kila duka. Ninachohoji ni kilichofuata. Ili kufidia Bujagali, serikali iliahidiana na Benki ya Dunia kuyahifadhi maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini zaidi ya mto. Kisha likajengwa bwawa la Isimba, likaanza kazi mwaka 2019, na maji yake yakameza sehemu ya mawimbi yaliyopaswa kulindwa na ahadi hiyo. Waliolalamika zaidi walikuwa waongoza mashua na kampuni za watalii. Mji mkuu, mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo, haukutikisika.

Linganisha na maporomoko ya Murchison. Mwaka huohuo wa 2019, kampuni ya Afrika Kusini ilipoomba kujenga bwawa la umeme huko, karibu na maporomoko ya Uhuru yaliyofunguliwa na mafuriko ya 1962, Waganda walipaza sauti hadi waziri akatangaza kuwa mradi umekataliwa. Kweli, miezi michache baadaye serikali iliruhusu upembuzi ufanyike, kwa hiyo vita havikwisha siku ile. Lakini maporomoko yangalipo. Naamini tofauti kubwa ni kwamba Murchison ni mahali ambapo mabasi ya shule huenda. Watu walitetea kitu walichokuwa wamelowa mvuke wake.

Atakuja mtu aseme: hata kijiji kizima kikipanda Rwenzori, barafu itaendelea kuyeyuka, maana moshi unaoiyeyusha hautoki Kasese. Ni kweli, na hoja hii inastahili jibu la dhati. Watafiti waliopima maji ya mto Mubuku, unaotoka Rwenzori, wamekuta kwamba barafu inauchangia kiasi kidogo mno. Mto unalishwa na mvua, misitu na mabwawa ya matope ya juu. Anayepita kwenye bwawa la Bigo hulielewa jambo hilo kwa miguu: huruka kutoka kichaka cha nyasi hadi kingine akiwa na mabuti ya mpira, na akikosea hatua huzama hadi magotini, kwani ardhi yote ile ni kama sifongo iliyojaa maji. Sifongo hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu. Februari 2012 moto uliteketeza mimea ya juu, na watafiti wameuhusisha na mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013. Mei 2020 mto huohuo ulirudi ukavunja hospitali ya Kilembe. Kuulinda uoto wa juu, kuweka onyo la mafuriko mapema, kudai sehemu yetu ya mfuko wa hasara za mabadiliko ya tabianchi uliokubaliwa Misri mwaka 2022: yote hayo yanataka wapiga kura wanaoujua mlima, si wataalamu peke yao.

Kuna pingamizi la anasa, na hilo ndilo zito kwangu. Nchi yenye vijana wengi wasio na ajira itawezaje kuzungumzia kupanda milima? Lakini pesa ya safari ya ndani haipotei hewani. Inamlipa mpagazi wa Nyakalengija, mpishi wa kambini na dereva. Hatari nayo ipo, ndiyo maana waelekezaji wenye mafunzo na kamba nzima ni jambo la lazima. Tatizo ni kwamba mzunguko wa kawaida wa Rwenzori huchukua takriban siku saba, pamoja na viatu vya miiba ya chuma na mavazi ya baridi ambayo mtu wa Kampala hana sababu ya kuyanunua. Ada nafuu kwa raia haitoshi ikiwa vifaa vinamshinda. Mamlaka ya Wanyamapori ingeweka stoo ya kukodisha mabuti, makoti na mifuko ya kulalia kwa shilingi, katika malango ya Nyakalengija na Kilembe, na kuzitangaza njia za siku moja au mbili kwa shule na vyuo. Mtoto hahitaji kufika Margherita. Akifika kwenye lobelia ndefu kumzidi mwalimu wake, zinazokunja majani usiku ili kulikinga chipukizi na baridi, na asubuhi mawingu yakafunguka dakika tano, ataiona Nzururu kwa macho yake.