Tuogope Kichaa cha Mbwa, Tusiogope Chanjo

Hapa Njombe na Makambako bado tunasikia kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa tumboni na huleta ugonjwa wenyewe. Si kweli. Siku hizi huchomwa begani, na virusi vyake vimekwisha kuuawa.

Mate ya mbwa kwenye ngozi nzima hayaambukizi. Hatari ni kung'atwa, kukwaruzwa, au mate kuingia jerahani, machoni au mdomoni. Wala tusichanganye kutoharisha najisi na kutibu jeraha. Jeraha halipakwi udongo. Huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Wanafunzi, mking'atwa semeni. Wazazi, msiwagombeze, wapelekeni.