Ndege Ndani ya Nyumba

Mtoto mmoja wa Kikula, hapa Likasi, alimwomba baba yake ndege wa kufuga. Baba akanunua chiriku wawili, akawatia katika tundu dogo, akalitundika jikoni wasije wakaibwa. Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi ya kiangazi. Usiku ule mbabula ya makala iliingizwa ndani, na madirisha yakafungwa. Asubuhi mtoto akawakuta ndege wote wawili chini, wamekufa.

“Baba, baridi ndiyo iliyowaua?”

“Sivyo, mwanangu. Imewaua hewa ile ile tuliyoivuta sisi.”

Baba yule alisema kweli. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ndege huathirika upesi kuliko mtu, kwa sababu mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa, na hewa mpya hupita mapafuni anapovuta pumzi na anapoitoa pia. Mskoti John Scott Haldane alilitambua jambo hilo katika miaka ya 1890, akashauri wachimbaji wa makaa ya mawe wachukue ndege wadogo mashimoni. Ndege akianguka, watu walijua kwamba yawapasa kutoka mara moja. Desturi hiyo ilidumu Uingereza mpaka mwaka 1986, vyombo vya kupimia hewa vilipoanza kushika nafasi yake.

Sisi wa mji wa migodi twaelewa vema habari hiyo. Lakini nyumba si shimo la mgodi. Kabla ya kumleta ndege, yatupasa kutengeneza mahali atakapoweza kuishi, na mahali hapo patawafaa watoto pia.

Kwanza, chagua pembe ya sebule, mbali na jiko. Ndege apate mwanga wa asubuhi, wala asikae kwenye jua kutwa nzima au kwenye upepo wa mlangoni. Ukuta uwe nyuma yake, maana ndege aonekanaye pande zote huishi kwa hofu. Sufuria zilizopakwa dawa ya kuzuia chakula kisigande zisiachwe motoni tupu: zikipata moto mno, mvuke wake humwua ndege.

Pili, jenga kizimba kirefu kuliko kimo chake, kwa kuwa ndege huruka kwenda mbele, harukii juu kama moshi. Kwa jozi mbili za ndege wadogo, urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 wafaa sana. Matundu ya wavu yasizidi sentimita 1, kichwa kisije kikanaswa. Wavu mpya hupakwa zinki, na ndege akiuguguna hupata sumu. Basi usugue kwa siki na maji, kisha uusuuze na kuukausha. Usitumie mabaki ya chuma usiyoyajua, wala mbao zenye rangi ya zamani, kwani rangi hiyo yaweza kuwa na risasi.

Tatu, weka vijiti vya mpera vya unene mbalimbali, miguu isiumie kwa kushika unene mmoja siku zote. Visiwe juu ya chakula wala maji. Chini weka sinia lenye karatasi, ubadilishe kila siku. Hata gazeti hili, likiisha kusomwa na jamaa yote, lafaa kwa kazi hiyo.

Kazi ya kujenga huisha kwa siku mbili. Kazi ya kutunza haiishi. Kila asubuhi osha chombo cha maji, utie maji safi. Toa ulezi na mtama, na lengalenga iliyooshwa vizuri. Usimpe parachichi, chumvi, kahawa wala chokoleti. Kabla ya kusafisha kinyesi kilichokauka, kilowanishe kwanza, ufunike pua na mdomo, kisha unawe mikono. Vumbi lake laweza kuleta ugonjwa wa mapafu kwa watu. Ndege mgeni akae peke yake siku 30 kabla ya kuchanganywa na wengine. Ukimwona ndege amejikunja chini, manyoya yamesimama, umtenge na kumtafutia daktari wa mifugo. Usiku wa baridi funika kizimba kwa kitambaa, ukiacha upande mmoja wazi.

Tena, angalia unanunua ndege gani. Kasuku wa kijivu hutolewa katika misitu mikubwa, kama ile ya Maniema na Tshopo, na wengi hufa njiani. Mwaka 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini. Afadhali njiwa waliozaliwa nyumbani, au kasuku wadogo wenye asili ya Australia, ambao wamezalishwa vizimbani tangu karne ya 19.

Baba yule wa Kikula hakununua ndege wengine mara moja. Alianza kwa kuiondoa mbabula ndani: sasa huwashwa nje, na hairudishwi chumbani hata makala yakiwa majivu. Kisha akafungua tundu la hewa juu ya dirisha. Mwezi wa Septemba, yeye na mtoto wake walipiga msumari wa kwanza wa kizimba.

Bwana wetu aliwataja shomoro, ndege wa bei ndogo sokoni, akatufundisha kwamba Baba wa mbinguni hamsahau hata mmoja wao. Ndege wa porini hujitafutia maji. Aliyefungwa hana ila mkono wako. Watoto wapenzi, kabla hamjaomba ndege, jiulizeni kama mtamkumbuka kila asubuhi, hata siku ya mtihani, hata siku ya sikukuu.